Herufi Asiyoiandika Fundi

Kwenye ukuta wa hoteli moja ya Kiwengwa, ule unaotazama bwawa la kuogelea, limeandikwa neno RELAX kwa herufi zenye urefu wa mtu mzima. Herufi nne za mwanzo ni za Fundi. Aliyekulia Mji Mkongwe atazitambua hata akiziona kwa upande: miguu minene, viuno vyembamba, kivuli cheusi kimeangukia kushoto. Ya tano si yake. Imechukuliwa kwengine, nyembamba, haina kivuli, imesimama pale mwisho kama mgeni aliyekosa kiti. Walioiweka hawakuwa na njia. Katika herufi zote za Fundi, X haimo.

Neno lenyewe hakuliandika Fundi, wala hajaliona. Limetoka kwenye kompyuta ya Ilham, binti wa jirani yetu, aliyesomea usanifu bara akarudi na kamera shingoni. Alizunguka mji mzima akipiga picha vibao vya Fundi, akazichora upya herufi zake moja moja, akatengeneza fonti aliyoiita Nene. Ruhusa aliomba, akapewa. Hoteli ikaipenda. Ilianza na ukuta ule kwa majaribio, na ikasema itaichukua kwa kila kitu, milangoni, kwenye menyu, kwenye mataulo, mradi herufi zitimie. Zisipotimia watachukua fonti nyengine iliyo tayari, na ukuta utapakwa rangi upya.

Q ilipatikana kwa kicheko. Ilham aliitia O mkia, akamwonyesha. "Haya, O imeota mkia," Fundi akasema. "Iache." Lakini X aliikataa. "Sijapata kuiandika maishani mwangu, mwanangu. Kiswahili hakina X, mie n'takuwa nayo ya nini?" Ilham naye akakataa kuibuni. Alisema akiibuni yeye haitakuwa Nene tena, itakuwa kitu kingine kilichovaa nguo za Nene.

Nilimwamini Fundi. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwamini.

Nilimjua kwa sababu dirisha langu lilitazama mlango wake. Nilikuwa nikiandikia magazeti habari za mji, na kwa kazi ile hakuna jirani bora kuliko mwandika vibao. Anajua duka gani linafunguliwa, lipi limebadili mwenyewe, nani kaoa mke wa pili na kamfungulia saluni. Wengine walijua habari zikishatokea. Fundi alizijua zikiwa bado mbao tupu zilizoegemezwa ukutani kwake.

Alikuwa mfupi, mkavu, na sauti yake ilikuwa ndogo hata ukamwinamia kumsikia. Na hakuweza kutulia. Kahawa alinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukichora kitu hewani. Akizungumza na mtu alikuwa akizunguka, kiasi kwamba mazungumzo naye yalianza barazani kwa muuza kahawa na kuishia mbele ya duka la tatu.

"Kaa basi, Fundi, watutia kizunguzungu," muuza kahawa alimwambia kila siku.

"N'takaa nikifa."

"Ukifa utalazwa, yakhe. Kukaa ndo basi tena."

Hata vibao alivyokwisha kuvitundika hakuviacha. Aliondoka asubuhi na brashi ndogo mfukoni, iliyofungwa kwa kipande cha plastiki, akapita mji kuviangalia kama daktari anayepita vitandani. Akiona S imemkaa vibaya, aliomba stuli dukani, akapanda, akaongeza unene wa nywele mbili, akashuka. Mwenye duka hakuona tofauti. Mimi pia sikuiona. Neno lake lilikuwa moja tu: "Inakwenda?" Herufi nzuri kwake ilikuwa ile inayokwenda. Zile za wenzake zilizonyooka vizuri kwa rula, alizitazama akasema, "Hii imesimama. Yangojea nini?"

Nilidhani unene wa herufi zake ni majivuno, kama mtu mwenye sauti ndogo anayetafuta pa kupigia kelele. Siku moja nilimkuta anajaribu kibao cha kinyozi. Hakusimama mbele yake. Alitoka mpaka mwanzo wa kichochoro, akaja akipita, bega likigusa ukuta, macho kwa pembeni. Akarudi akaja tena kwa upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini hasimami akakitazama.

"Nisimame wapi?" akaninyooshea ukuta wa pili, ambao ungeweza kuugusa kwa kunyoosha mkono. "Mji huu nani husimama mbele ya kibao? Watu wapita. Kibao hapa husomwa kwa ubavu."

Tangu siku ile nimekuwa nikivisoma kwa ubavu, na ni kweli. Herufi ya kawaida, ukiijia kwa pembeni kwenye kichochoro, hubanana ikawa fito. Za Fundi zilipanuliwa makusudi, tumbo la O limevutwa, mguu wa R umetupwa mbele, mstari wa A umeshuka chini kama msuli uliofungwa chini ya kitovu, ili ukizijia kwa pembeni zijikaze zikae sawa. Ukizitazama usoni ni nene kupita kiasi. Pale Kiwengwa, ambako unauona ukuta kutoka ng'ambo ya bwawa, zinaonekana kama wanawake wa harusini waliokaa mkekani bila kuachiana nafasi. Mgeni huona ni mtindo, hajui kuwa ni upana wa kichochoro.

Aliandika karibu kila kitu kinachoandikwa. Maduka ya dawa, vyuo vya Kurani, timu za mpira, majina ya vikundi vya mwani kwenye milango ya ghala huko mashamba, neno WAKFU kwenye mitungi ya msikitini. Mlango wake mwenyewe haukuwa na maandishi hata nukta. Nilimuuliza mara nyingi akanipa majibu tofauti, na yote nadhani yalikuwa ya uongo. La mwisho lilikuwa kwamba hajapata mteja wa kumlipa.

Jambo la pili waliloulizia watu ni rangi nyekundu. Nilipofika mtaani alikuwa nayo, baadaye akaiacha. Mteja akitaka nyekundu alipewa rangi ya kutu, na akibisha alipelekwa kwa fundi mwengine wa Darajani, kwa adabu kabisa, Fundi mwenyewe akimbebea ubao. Nililiona na nikaliandika kwenye daftari langu kama nilivyoandika mengi, bila kuuliza.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa DH. Kwake haikuwa herufi mbili. Aliziunganisha, tumbo la D likashika mguu wa H, zikawa mwili mmoja. GH na TH vilevile. Alisema herufi za msahafu zimeshikana mikono, hizi za Kizungu kila moja na lwake, angalau hizi tatu aziozeshe. Na alikuwa mkali. Alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka bara, kafungua duka la usonara, akataka kibao kilichoandikwa ZAHABU SAFI. Alipokuja kukichukua kilikuwa DHAHABU SAFI.

"Fundi, mimi nilisema zahabu."

"Ulisema, nilikusikia."

"Sasa hii D imetoka wapi?"

"Imetoka kwenye ulimi wako, imeanguka njiani huko utokako. Nimekuokotea."

Yule bwana alicheka mwisho, akakichukua. Lakini mapenzi yale yalimponza Fundi mwenyewe. Bwana mmoja wa Malindi aliagiza kibao cha duka lake la zawadi za harusi, na Fundi, mkono umekwisha kuonja raha ya kuunganisha, akamwandikia DUKA LA DHAWADI. Hakuna mtu wa bara ambaye angefanya kosa lile. Ni kosa la mtu aliyeogopa Z mpaka akaifukuza hata pale ilipo kwao. Alipogundua alitaka kukishusha siku ile ile. Mwenye duka akakataa, kwa sababu DH ile ilikuwa nzuri mno. Ikatoka mpaka njiani kama kifua. Watu wakaliita duka lile Dhawadi, na wanaliita hivyo hadi leo. Fundi akawa haipiti njia ile. Ilham alipokwenda kukusanya herufi, vibao vingi vya zamani vilikuwa vimepakwa rangi juu, na DH safi iliyobaki ilikuwa ile. Ndiyo iliyomo kwenye Nene.

"Umeacha mji mzima," Fundi akamlalamikia, "ukaenda kuchukua ile."

"Ndiyo inayokwenda, Babu."

Neno lilikuwa lake.

Siku Ilham alipomletea menyu ya majaribio ya hoteli, nilikuwapo. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kuunganisha D na H, G na H, kila zinapokutana, na haikujua kuchagua. Fundi akaisogeza karatasi mbali na macho, akasoma pole pole, na alipofika kwenye SPAGHETTI akasimama. GH yake ilikuwa pale katikati, imeshikana.

"Spa-ghhhe-ti," akasoma, kwa ghaini ya kooni kabisa, kama imamu. "Makubwa. Wataliano nao washasoma chuoni?"

Tulicheka mpaka Ilham akafuta machozi. Nikimkumbuka Fundi mjini, ndivyo ninavyomkumbuka, karatasi mkononi, anazunguka chumba kidogo akilirudia neno lile na kucheka peke yake.

Mkono ulianza kutetemeka muda si mrefu baada ya hapo. Kwanza aliuficha kwa kuzidisha kutembea. Halafu akawa anaandika kwa kuuegemeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto, na mwisho bintiye aliyeolewa Makunduchi akaja kumchukua. Mlango ukafungwa. Kwa kuwa haukuwa na kibao, baada ya wiki chache mtu asingejua palikuwa na nini.

Kwa hiyo hoteli ilipomwambia Ilham kwamba inataka jibu, ni mimi niliyekwenda Makunduchi. Ilham alikuwa amekwenda mara mbili na kurudi na jibu lile lile. Alinipa karatasi nene na brashi mpya. "Mwambie hata ikitetemeka nitainyoosha mimi," akasema. "Iwe yake tu."

Nilimkuta uani kwa bintiye, anazunguka mti wa mlimau. Mchanga ulikuwa umeshaonyesha njia yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kakutuma."

"Kanituma."

Niliitoa karatasi. Hakuigusa. Nikaiweka chini ya mlimau, brashi juu yake. Akazunguka mara mbili zaidi, kisha akasema, kwa sauti yake ile ya kuinamiwa, kwamba amemdanganya mtoto wa watu. X ameshaiandika. Kwa siku moja tu, na siku ile aliandika nyingi.

Ilikuwa wakati barabara ya kusini inapanuliwa. Watu wa barabara walitaka alama kwenye nyumba zitakazobomolewa, na alama zao za chaki zilikuwa zikioshwa na mvua za masika. Wakatafuta mwenye rangi ya mafuta na brashi. Wakampata yeye. Akapanda gari yao na kopo la rangi nyekundu.

"Nyumba za mwanzo nilipiga mistari miwili, basi. Mkono ukauchoka ubaya ule. Kadiri tulivyokwenda n'kawa naitengeneza. Nikaipa miguu. Nikaibana kiuno." Alisimama. "Ya mwisho niliitia kivuli."

"Kwenye nyumba ya kubomolewa?"

"Mie sijui kuandika herufi isiyo na kivuli."

Nyumba ile ya mwisho, kwenye kona ya barabara, ilikuwa ya mwanamke mmoja, Bi Miza, mwenyewe amekaa mlangoni akichambua mchele. Hakujua kusoma. Wale wa gari walikuwa wameshatangulia mbele kidogo, wakimngoja. Akamkaribisha Fundi, akamletea maji, akasimama nyuma yake kumtazama anavyotia kivuli. Alipomaliza, Bi Miza akauliza, "Ndo jina langu hilo?"

"Nikasema naam."

Alirudi mjini na hakwenda siku ya pili. Aliwaambia ana homa. Niliikumbuka homa ile. Alifunga mlango karibu wiki nzima, na kopo la nyekundu halikuonekana tena.

"Na nyumba?" nikauliza.

Hajui. Barabara ilipojengwa waliinyoosha, kona ya zamani ikaachwa nyuma ya vichaka, na ukipita leo huioni. Amepita pale na bintiye mara nyingi. Kila mara ametazama upande wa pili. "Nenda wewe," akasema. "Kazi yako si kwenda kutazama? Katazame, uje unambie."

Kona ya zamani bado ina lami, imepasuka, na mbuzi wamelala juu yake. Nyumba ipo. Ilikuwa imepigwa chokaa karibuni, nyeupe kabisa, na ubavuni mwa mlango, kwenye kisanduku ambacho chokaa ilikizunguka kwa uangalifu bila kukigusa, ilikuwa X. Wekundu wake umefifia ukawa wa tofali. Miguu minene, kiuno chembamba, kivuli kushoto. Ilikuwa inakwenda.

Mwanamke wa makamo alikuwa akianika mwani kwenye chandarua kuukuu. Aliniona nikiitazama, akaja akaniambia kwa sauti ya chini, kabla sijauliza, kwamba yeye ni mjukuu wa mwenye nyumba, na kwamba wao wote wanajua ni X. Wamesoma. "Bibi ndo hajui. Kila tukipiga chokaa ya Idi atoka na kiti, akaa, atuangalia tusilifute jina lake." Akaitazama kidogo. "Sisi wenyewe hatuiiti X tena."

Bi Miza alitoka akishika ukuta. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini alijua mtu amesimama wapi.

"Nani huyo?"

"Mgeni, bibi. Wa mjini."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wajua kusoma weye?"

Nikamwambia najua.

"Basi nisomee." Akaweka kiganja chini ya ile herufi, bila kuigusa, kama anavyofanya mtu anayejua mwisho wa rangi uko wapi.

Mjukuu alinitazama. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Alisubiri tu, mikono imejaa mwani. Nimesoma maandishi mengi kwa sauti katika maisha yangu, mengine mbele ya watu wakubwa, na sikuwahi kutafuta sauti kama siku ile.

"Miza," nikasoma.

"Abee," akaitika.

Niliomba ruhusa nikapiga picha. Nilipiga nyingi, usoni na kwa ubavu, kwa sababu nilijua nitaulizwa.

Fundi alikuwa bado anauzunguka mlimau. Hakuniacha nifike. "Ipo?"

"Ipo."

"Yeye?"

"Yupo. Kaniomba nimsomee."

"Ukasoma?"

"Nikasoma."

Alikwenda mpaka ukutani akarudi. Akauliza kama miguu ya X ni sawa. Nikamwambia wa kulia umezidi kidogo. "Nilijua," akasema. "Gari ilikuwa yapiga honi." Nikataka kumwonyesha picha, akaniwekea mkono wake unaotetemeka juu ya simu, akaufunika uso wa kioo. Mkono ule ulitulia pale kwa muda. Kisha akaniuliza kama nimekula, na ikawa ndiyo basi. Hakuniambia nimpe Ilham picha ile, na hakuniambia nisimpe. Karatasi na brashi aliniachia nirudi navyo.

Picha ninazo, na Ilham hajui bado kama X ya Fundi ipo. Ilham ameniandikia mara tatu tangu juzi: Fundi kasemaje? Hoteli imempa hadi mwisho wa wiki hii, na pale Kiwengwa, mwisho wa neno, ile X nyembamba isiyo na kivuli bado imesimama.